Eliya Chini ya Mretemu: Mzigo wa Muda Mrefu na Afya ya Mwili

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wafalme 18:46; 19:1–18; Zaburi 32:3, 4; Kutoka 18:13–24; Isaya 38:1–5, 21; Marko 6:30–32; 2 Wakorintho 7:5, 6; Wagalatia 6:2.

Fungu la Kukariri: Mithali 12:25.

Mtu akiulizwa kwa nini amekonda, au kwa nini halali usiku, mara nyingi hujibu kwa ufupi: "Ni mawazo tu." Neno la kuangaliwa juma hili ni hilo la mwisho, "tu". Linafanya mzigo mzito uonekane mwepesi, na mara nyingi ndilo linalomchelewesha mtu kutafuta msaada mpaka mwili unapoanguka.

Watu wa Kilosa wanaijua mizigo isiyokwisha kwa siku moja. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba, ukakata reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, na kuwaacha maelfu ya watu wakiishi kwenye mahema. Mwezi Januari 2014 mafuriko yalirudi tena wilayani. Maji hupungua baada ya siku chache. Lakini mtu aliyepoteza nyumba na akiba huendelea kusikiliza mvua kila masika, hata akiwa kitandani pake. Huko upande wa Mikumi, mkulima anayelala kwenye dungu akilinda mahindi yasiliwe na tembo hana usiku mmoja wa hofu. Ana msimu mzima.

Eliya naye alifika mahali pa namna hiyo. Nabii aliyesimama imara Karmeli aliketi chini ya mretemu akiomba afe. Juma hili linaangalia jinsi msongo wa mawazo wa muda mrefu unavyouumiza mwili, na jinsi Mungu alivyomhudumia mtumishi wake aliyechoka.

JUMAPILI
Kengele ya Hatari

Soma 1 Wafalme 18:46 na 19:1–3. Linganisha nguvu alizokuwa nazo Eliya alipokimbia mbele ya gari la Ahabu na hali yake alipopata ujumbe wa Yezebeli. Nini kilibadilika, na nini hakikubadilika?

Muumbaji ameweka ndani ya mwili kengele ya hatari. Mfikirie punda milia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi anapomwona simba. Ubongo wake hutoa amri, na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga kemikali mbili kwenye damu: adrenalini kwanza, kisha kotisoli. Moyo hupiga mbio, presha hupanda, na ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu. Kazi zinazoweza kungoja, kama kusaga chakula tumboni, hupunguzwa. Punda milia hukimbia kwa nguvu zote. Akinusurika, baada ya muda kengele huzimika, naye hurudi kula majani.

Mwanadamu ana kengele hiyo hiyo, na ni zawadi njema. Ndiyo inayomwezesha mama kumnyakua mtoto wake mbele ya bodaboda iendayo kasi. Tatizo si kwamba kengele inalia. Tatizo ni kwamba mwanadamu anaweza kuiwasha kwa jambo lisiloonekana machoni: deni la VICOBA, ada ya shule ya mwezi ujao, maneno ya jirani, mvua ambayo bado haijanyesha. Simba wa namna hiyo haondoki jioni.

Ahabu na Yezebeli walikuwapo kabla ya Karmeli na walikuwapo baada yake. Hatari ya Eliya haikuanza siku ile. Alikuwa ameishi nayo kwa miaka ya njaa, akijificha, akingoja. Ujumbe wa Yezebeli ulimkuta mtu ambaye nguvu zake zilikuwa zimekwisha kutumika.

Ni jambo gani katika maisha yako limekuwa likiiwasha kengele ya hatari kwa muda mrefu kiasi kwamba umeanza kuliona la kawaida?

JUMATATU
Kengele Isiyozimwa

Soma Zaburi 32:3, 4 na Mithali 17:22. Waandishi hawa wanahusianisha vipi hali ya moyo na hali ya mifupa na nguvu za mwili?

Daudi anazungumzia mzigo wa dhambi isiyoungamwa, nao una dawa yake: toba na msamaha. Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila aliyelemewa ana dhambi aliyoificha. Rafiki za Ayubu walikosea hapo hapo. Kuna walemewa wa hatia, na kuna walemewa wa msiba, njaa, ugonjwa, na kazi isiyokwisha. Mwili wa kila mmoja wao huumia.

Kengele ikilia kwa miezi na miaka, mambo yale yale yaliyokusudiwa kuokoa maisha huanza kuyadhuru. Presha iliyopanda kwa dakika chache huweza kuzoea kukaa juu. Sukari kwenye damu huwa vigumu kuitawala kwa mwenye kisukari. Usingizi hukatika, kichwa na mgongo huuma, hedhi huvurugika, kumbukumbu hupungua, na hasira huwa karibu. Kinga ya mwili hulegea. Zaidi ya hayo, aliyelemewa hutafuta nafuu ya haraka katika pombe, sigara, au vinywaji vya kuongeza nguvu, na hivyo huongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo lakini lenye mafunzo. Walichukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri kama wao wasiokuwa na mzigo huo. Kila mmoja alitiwa jeraha dogo la kufanana mkononi. Majeraha ya wauguzaji yalichelewa kupona kwa siku 9 hivi kuliko ya wenzao. Uchovu wa kuuguza ulikuwa umeingia mpaka kwenye ngozi.

Hata wanyama wanaoishi kwa makundi hushuhudia jambo hili. Katika Maasai Mara, Kenya, mtafiti Robert Sapolsky alianza mwaka 1978 kupima damu ya nyani. Kwenye makundi yaliyotulia, madume wa daraja la chini, ambao husukumwa na kunyanyaswa na wakubwa wao, walikutwa na kotisoli nyingi hata katika saa ambazo hapakuwa na ugomvi wowote. Kilichowaumiza hakikuwa simba. Walikuwa wakiumizwa na wenzao. Darasa la Shule ya Sabato lina la kujiuliza hapo, kwa sababu nyumba, ofisi, na hata kanisa laweza kuwa mahali ambapo mmoja huwafanya wengine waishi kwa hofu.

Neno moja la tahadhari. Watu wengi husema kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, walionyesha kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria. Vingine huletwa na matumizi ya mara kwa mara ya baadhi ya dawa za maumivu. Msongo huweza kuongeza maumivu, lakini mwenye vidonda anahitaji kupimwa na kutibiwa, si kuambiwa tu aache kuwaza.

Je, kuna dalili mwilini mwako, au kwa mtu wa nyumbani mwako, ambayo imepewa jina la "mawazo tu" bila kupimwa?

JUMANNE
Usingizi, Mkate, na Maji

Soma 1 Wafalme 19:4–8. Andika kwa mpangilio mambo ambayo malaika alimfanyia Eliya. Ni jambo gani ambalo hakulifanya?

Malaika hakumkemea. Hakumwuliza imani ya Karmeli imekwenda wapi. Alimwacha alale, akamwamsha kwa kumgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, kisha akamwacha alale tena. Alipomwamsha mara ya pili alimlisha tena, akakiri waziwazi kwamba safari iliyo mbele inazidi uwezo wake. Mahubiri yalikuja baadaye, Horebu, baada ya siku 40. Kwanza mwili ulihudumiwa.

Mpangilio huu unawagusa washiriki wengi. Mkulima anapotoka dunguni alfajiri, akaenda moja kwa moja kulima, na jioni akahudhuria kikao cha kanisa, usingizi wake unakuwa deni linalokua. Kumwambia mtu huyo afunge na kukesha zaidi si lazima kuwe ushauri wa kiroho. Huenda anachohitaji zaidi ni jirani atakayeshika zamu yake ya kulinda shamba usiku mmoja.

Kitabu cha Ellen White kiitwacho kwa Kiswahili Huduma ya Uponyaji, kilichotoka mwaka 1905, kinahesabu miongoni mwa dawa za asili hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula bora, maji, na kumtegemea Mungu. Karibu zote zinapatikana Kilosa bila fedha nyingi. Pumua polepole, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kwa dakika chache. Moyo unaokwenda mbio hutulia. Lala na kuamka saa zile zile kila inapowezekana, na simu ikae mbali na kitanda. Kula kwa wakati, ukitumia maharage, mboga za majani, na matunda ya msimu, na punguza chumvi. Mtu akaaye ofisini au dukani kutwa atembee: Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa juma. Lakini aliyeshinda na jembe hahitaji kuongezewa mazoezi, anahitaji kupumzika.

Unapomwona ndugu amechoka, huanza na lipi: kumhudumia, au kumshauri?

JUMATANO
Mzigo wa Kubebwa na Wengi

Soma 1 Wafalme 19:9–18. Mungu alimwuliza Eliya swali lile lile mara mbili, naye akajibu kwa maneno yale yale mara mbili (fungu la 10 na la 14). Kwa nini Mungu alimsikiliza tena?

Aliyelemewa hurudia maneno. Husimulia msiba wake leo, na kesho husimulia ule ule. Wanaomsikiliza huchoka upesi, lakini Bwana hakuchoka. Alimwacha aseme yote, akamsahihisha kwa upole kwamba hayuko peke yake kwa kuwa walikuwapo 7,000, na akampa Elisha awe mwenzake. Paulo naye alipokuwa hana raha mwilini, alifarijiwa kwa kuja kwa Tito (2 Wakorintho 7:5, 6). Mara nyingi faraja ya Mungu hufika kwa miguu ya mtu.

Nchini Zimbabwe, daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani mjini Harare kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliosumbuliwa na kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi hawakuhubiri wala hawakutoa dawa. Walisikiliza, kisha wakamsaidia mgeni kuchagua tatizo moja na hatua moja ya kulishughulikia. Matokeo ya utafiti katika zahanati 24, wenye washiriki 573, yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kila kanisa lina mama wenye busara na wazee wenye subira. Benchi chini ya mwembe halihitaji harambee.

Soma Kutoka 18:13–24. Yethro aliona hatari gani katika namna Musa alivyofanya kazi?

Yethro hakumfundisha Musa kuvumilia zaidi. Alipunguza mzigo wenyewe. Kuna msongo usiotibiwa kwa kutuliza moyo peke yake, kwa sababu chanzo chake kiko nje. Wakulima wanaosumbuliwa na tembo hupata nafuu wanapogawana zamu za ulinzi, au wanapojenga uzio wa mizinga ya nyuki, njia iliyojaribiwa kwanza Kenya. Mwenye madeni hupata nafuu anapokaa na mtu wa kumsaidia kupanga malipo. Na pale jamii zinapogombana, amani yenyewe ni dawa. Wilaya hii haijasahau Rudewa Mbuyuni, ambako mwezi Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Anayepatanisha jirani wawili juu ya ng'ombe walioingia shambani anaokoa usingizi wa familia nyingi.

Ni mzigo gani unaoubeba peke yako ambao ungeweza kugawanywa? Nani ungemwambia juma hili?

ALHAMISI
Imani, Vidonge, na Sabato

Soma Isaya 38:1–5, 21. Mungu aliahidi kumponya Hezekia. Kwa nini Isaya aliagiza bonge la tini liwekwe juu ya jipu?

Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na tini zikatumika. Hezekia hakuona mgongano kati ya maombi na tiba, wala muumini wa leo hana sababu ya kuuona. Lakini wako wanaoacha vidonge vya presha baada ya kuombewa, au kwa sababu wamejisikia vizuri. Presha ya kupanda haina dalili kwa watu wengi. Mtu huweza kujisikia mzima mpaka siku anapopooza upande mmoja. Kipimo ndicho kinachosema: ikionekana kwa vipimo vya siku tofauti kuwa 140 kwa 90 au zaidi, mtu anahitaji kufuatiliwa na mganga. Dawa isiachwe wala kupunguzwa bila ushauri wake. Pumziko na chakula bora hufanya kazi pamoja nayo.

Vivyo hivyo kwa huzuni inayozidi. Eliya aliomba afe, na Biblia haikulificha jambo hilo. Mshiriki akisema hataki kuishi, asipuuzwe wala asiaibishwe. Aulizwe kwa upole anawaza nini, asiachwe peke yake, viondolewe karibu naye vitu vya hatari kama sumu za kilimo, na asindikizwe kituo cha afya au hospitalini siku hiyo hiyo. Kutoka huko anaweza kupewa rufaa, hata mpaka Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Kwenda huko si kumkana Mungu.

Soma Marko 6:30–32 na Kutoka 23:12. Nani wanaotajwa kuwa wanahitaji kupumzika?

Sabato imewafikia hata mtumwa, mgeni, na punda. Kila juma Mungu huizima kengele: deni halidaiwi siku hiyo, shamba halilimwi, na thamani ya mtu haipimwi kwa kazi yake. Ila Sabato inaweza kupotezwa kanisani kwenyewe. Mzee wa kanisa anayetoka kwenye ibada kuingia kikaoni, kisha mazoezi ya kwaya, kisha kikao kingine hadi jua linapozama, ameitunza siku bila kuipata raha yake. Mama anayepika kwa wageni wote huku wengine wamekaa yuko katika hali hiyo hiyo. Yesu aliwaona mitume wake, waliotoka kufanya kazi njema kabisa, akawaita kando wapumzike.

Katika kanisa lako, nani hapumziki siku ya Sabato, na nini kingebadilishwa ili apumzike?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena 1 Wafalme 19 yote kwa kituo, pamoja na Mathayo 6:25–34 na 11:28–30.

Mretemu haukuwa mwisho wa Eliya. Aliinuka akala, akaenda, akasikilizwa, akapewa mwenzake na kazi iliyompasa. Yezebeli alikuwa bado hai, na hatari haikuondoka njiani. Hilo ni faraja kwa wale ambao mvua ya masika itawanyeshea tena na tembo watarudi tena. Mungu hakuahidi kuondoa kila simba, bali alimtunza mtu wake katikati ya safari, akianzia na mwili uliochoka.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki anaposema "nina mawazo", kwa kawaida hujibiwa nini katika kanisa lenu? Jibu hilo linafanana na la malaika, au la rafiki za Ayubu?

2. Mathayo 6 inakataza kusumbuka. Je, fungu hilo linaweza kutumiwa vibaya kumwongezea hatia mtu ambaye tayari amelemewa? Darasa lingelielezaje kwa mjane mwenye watoto wanne na shamba lililoliwa na tembo?

3. Wagalatia 6:2 na 6:5 zinazungumzia mizigo kwa namna mbili. Mzigo upi kila mtu aubebe mwenyewe, na upi ubebwe kwa pamoja? Toeni mifano ya mtaani kwenu.

4. Chanzo cha msongo kikiwa ni mtu, kwa mfano mume mkali, mkuu wa kazi, au kiongozi wa kanisa, kuna wajibu gani zaidi ya kumwambia anayeumia avumilie?

Jambo la Kufanya Juma Hili: Darasa lichague mtu mmoja anayeuguza mgonjwa nyumbani kwa muda mrefu. Gawaneni siku: mmoja apeleke chakula, mwingine akae na mgonjwa ili mwuguzaji alale, mwingine amsindikize kupima presha. Sabato ijayo toeni taarifa fupi darasani, bila kutaja jina la mtu huyo.